Nirudishie Chemba Yangu

Bwenini, ghorofa ya tatu,
Jumanne jioni

Kwa Fundi,

Shikamoo. Jana Jumatatu, saa nne asubuhi, nilipoteza masomo yangu, na aliyenipotezea ni wewe. Nimeona niliseme hilo kabla ya salamu nyingine, usije ukasoma salamu ukadhani nimefurahi.

Sasa salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na ile cherehani kubwa haijaanza tena kuruka mishono. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie nimeuliza, na usimwambie zaidi ya hapo mpaka umalize kusoma. Mdogo wangu naye ashike vitabu, asisingizie umeme kila siku. Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, natembea. Roho ndiyo inayochemka, na ndiyo iliyoshika kalamu.

Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu wewe husema sawa, sawa kwa kila kitu, halafu unampa Mama. Barua huna wa kumpa. Nitaikabidhi kwa dereva wa mizigo yule yule aliyeniletea kifurushi chako, na kesho jioni itakuwa mezani pako, karibu na mkasi.

Nianze na jana. Tulikuwa nyuma ya jiko la chuo, mimi na mwenzangu tunayemwita Msumari kwa wembamba wake, tumefungua mfuniko, tunapima kina cha maji. Nikaitwa ofisi ya msajili. Nikaenda na buti zangu za mpira, nikidhani ni mambo ya kitambulisho. Yule rafiki yako wa pale, mteja wako wa siku nyingi, ambaye wanafunzi wote tunamwita Bwana Kola kwa jinsi kola zake zinavyosimama, aliinuka kunipokea. Fundi, Bwana Kola hamwinukii mwanafunzi. Akanipa mkono, akauangalia mkono wangu, akaufuta wake kwa leso, kisha akanipongeza. Akasema kuanzia leo mimi si mtu wa Majitaka tena, ni mtu wa Benki na Fedha. Akasema baba yangu, yaani wewe, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kile kile nilichokalia, akaeleza kwa uchungu jinsi mtoto wake anavyoteseka na kozi ambayo hakuna mwenye akili timamu angeipenda. Nafasi ilikuwa moja. Nimeipata mimi.

Nilimwambia kuna makosa, mimi sijaomba kuhama. Akanigeuzia barua yako niione. Ule mwandiko haukuwa na ubishi, herufi zile zile unazochora kwa chaki juu ya kitambaa. Mmeandika, wewe na yeye, kwamba mwanafunzi ameridhia, kwa kuwa mlezi amemsikia kwa masikio yake mwenyewe. Nikamwambia tena kwamba sikuomba. Akacheka taratibu, akasema vijana wa siku hizi wakitendewa wema hununa kwanza, shukrani huja baadaye. Akaniagiza nikabidhi vifaa vya idara ya zamani kabla ya saa sita. Nikakabidhi buti. Nikakabidhi pimamaji na tepu. Nikakabidhi na ndoano.

Hujui ndoano ni nini, na kosa la kutokujua si lako peke yako, kwa hiyo nikueleze.

Katika idara yetu kila wanafunzi wawili hupewa chemba moja ya majitaka hapa chuoni, waitunze mpaka wahitimu. Chemba ni lile shimo lililojengewa, lenye mfuniko wa chuma, ambalo watu hulipita wakiwa wameziba pua. Chini yake mabomba hukutana. Kila wiki unafungua, unapima, unasafisha, unaandika maji yanapita kwa kasi gani na yamebeba nini. Mfuniko hufunguliwa kwa ndoano ya chuma yenye mpini, na ndoano hiyo hairudi stoo. Wanaohitimu huwakabidhi wanaoingia, mkono kwa mkono, darasa zima likiwa limesimama. Anayetoa husema kwamba haikufurika mikononi mwake. Anayepokea hujibu kwamba wala haitafurika mikononi mwake. Basi. Hakuna hotuba, hakuna soda. Lakini nimeona jitu refu lenye ndevu likisema maneno hayo na kusahau kuiachia ndoano.

Yangu ni namba thelathini na moja, nyuma ya jiko. Ndiyo inayopokea mafuta yote ya sufuria, na mafuta yakipoa huganda kama sabuni, kwa hiyo ndiyo chemba ngumu kuliko zote. Wanafunzi wa idara nyingine huniita Injinia Shimo. Naitika.

Msimu wa mvua uliopita vyoo vya bweni letu vilirudisha maji juu. Wasichana walikimbia na masanduku vichwani. Mwalimu wetu, tunayemwita Mama Mteremko kwa sababu kila swali kwake jibu ni mteremko, hakuita mafundi. Alituita sisi, mimi na Msumari, akatuuliza chemba yetu inasema nini. Tukapima chemba moja baada ya nyingine kuanzia bwenini. Bomba lilitakiwa lishuke sentimita moja kwa kila mita; kati ya chemba mbili za mwisho kabla ya yetu lilikuwa limepanda sentimita nne. Lilikuwa linapeleka maji yalikotoka. Tulipochimba tulikuta limebebwa na mzizi. Tulipolirudishia mteremko wake na kulifungulia maji, nililala kifudifudi kwenye matope nikisikiliza maji yakija, yakifika, yakipita. Fundi, wewe ukimvisha mtu koti na mabega yakakaa, unarudi nyuma hatua mbili, unaangalia. Nimekuona mara nyingi. Basi pale nami nilikuwa nimerudi nyuma hatua mbili.

Leo asubuhi nimehudhuria darasa la Benki, ili pasiwe na mtu wa kusema nimekataa kabla ya kuonja. Ukumbi una viti mia nne na vyote vimekaliwa. Sisemi kozi hiyo ni mbaya. Kijana aliyekaa kulia kwangu anaipenda kweli, akitaja riba macho yanawaka kama anataja mchumba. Nilimuuliza mtu asipokuja darasani inakuwaje. Akashangaa, akasema unagusisha kidole kwenye mashine ya mahudhurio pale mlangoni, unaondoka, rafiki yako anakupigia picha ya ubao, maisha yanaendelea. Nikamuuliza, na mtu asipokuja mwezi mzima? Akasema hata mhadhiri akikosekana wao hugundua baada ya nusu saa. Wote waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nikaanza kuhesabu.

Unanijua kwa hesabu. Darasani kwetu Majitaka tuko kumi na tisa. Tulioichagua kozi kwa hiari yetu tulikuwa wanne, na wengine kumi na watano waliangukia pale kwa sababu alama zao hazikutosha kwingine. Siku ya kwanza nusu yao walikuja wameinamisha vichwa kama wanakwenda kuzika. Leo ukiuliza nani anataka kuhama, utapata mkono mmoja, wa yule anayetaka kuwa mwimbaji. Halafu kuna Wakili, ninayelala naye chumba kimoja. Sheria aliitaka tangu akiwa na meno ya utoto, akaipata, na kila Jumapili jioni analia kwa sababu Jumatatu inakuja. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu huridhika kwa kuwa alichagua. Na jina la kozi halimridhishi mtu, vinginevyo Wakili angekuwa anacheka usingizini. Nimelipima jambo hili kama ninavyopima bomba, huku na huku. Nilichokiona ni kwamba mwanafunzi huridhika pale ambapo asipofika kuna kitu kinaharibika, na kuna mtu anauliza yuko wapi. Jana saa saba Mama Mteremko alimuuliza Msumari niko wapi. Leo ukumbini nisingefika, hakuna ambaye angeniulizia, wala hakuna ambacho kingeharibika.

Jambo jingine ambalo Bwana Kola hakukueleza, au alikueleza mkalichukulia jepesi: Benki naanza upya, mwaka wa kwanza. Nina miaka ishirini na saba. Kabla ya kuja hapa nilisoma mita za maji miaka mitatu, nyumba kwa nyumba, nikifukuzwa na mbwa na nikitukanwa na watu wazima kwa bili ambazo sikuziandika mimi. Hakuna mjomba wala shangazi aliyenivuta kuniingiza hapa. Nilijivuta. Miaka miwili niliyoivuka humu ni yangu, na wewe umeitupa kwa sahihi moja, kwa upole, ukiwa umevaa shati lako jeupe la kwendea ofisini.

Sasa tuje kwenye hayo uliyoyasikia kwa masikio yako, maana hapo ndipo ulipopotelea, na nataka nikurudishe njiani hatua kwa hatua.

Likizo iliyopita, tukiwa mezani, nilisema chuo kile ni jela. Nilisema mwalimu ni katili, kozi inanuka, chemba yangu ndiyo mbovu kuliko zote, mwenzangu ni mvivu, na kwamba sijui nilimkosea nani. Nakumbuka kila neno. Nakumbuka pia kwamba Mama alitabasamu, mama mdogo naye akadakia kwamba afadhali mimi, yeye duka lake jipya ni balaa, wateja wanamsumbua mpaka hapati hata nafasi ya kukaa. Bibi akamaliza kwa kusema wajukuu zake wote hawana maana. Tukala kwa furaha. Wewe ulikuwa kimya, uzi mdomoni, unanitazama. Nilidhani unatafuta sindano.

Fundi, kwetu ndivyo tunavyosifu.

Hakuna aliyekueleza kwa sababu hakuna anayejua kwamba kuna cha kueleza. Bibi aliwalea Mama na dada zake wote akiamini kwamba kitu kizuri ukikitaja kwa sauti hakikai. Kwa hiyo mtoto akizaliwa mzuri, tunasema ana sura ya chura. Nyumba ikikamilika, tunasema inavuja. Mtu wa kwetu akipata kitu cha kawaida atakwambia kwa adabu kwamba ni kizuri. Akipata kitu kinachomkosesha usingizi kwa furaha, atakilaani kuanzia mlangoni. Kadiri kinavyopendwa ndivyo kinavyotukanwa. Siku nikiwaambia nyumbani kwamba chuo ni kizuri tu, hakina neno, hapo ndipo mtakapopaswa kutuma mtu aje anichukue.

Wewe umetoka kwa watu wanaosema mambo yalivyo. Kwenu mtu akisema koti linabana, linabana. Ulinisikia nikilalamika, na badala ya kupuuza kama ambavyo wanaume wengi wangempuuza mtoto waliyemkuta, ulifunga duka, ukapanda gari, ukaja kuniombea. Nimelijua hilo. Nalo linanikasirisha zaidi, kwa sababu mtu akikuharibia kwa ubaya unajua pa kumshika.

Na kwa kuwa nimeshafungua mfuniko, acha nifungue mpaka chini. Siku ya harusi yenu nilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Mama aliwaambia dada zake kwamba amepata mwanamume mfupi, macho mabovu, anakoroma kabla hata hajalala, na mali yake yote ni cherehani yenye kutu. Wewe ulikuwa unapita na viti. Nilikuona ukisimama. Nilikuona ukiweka viti chini polepole na kurekebisha tai ambayo haikuwa na tatizo. Dada zake walipiga vigelegele, na wewe ukadhani wanakucheka. Sasa sikiliza. Kuhusu marehemu baba yangu, Mama hakuwahi kusema neno baya hata moja. Alikuwa mtu mzuri tu, hakuwa na neno. Wewe anakusema kwa jirani, kwa muuza mkaa, kwa daktari wa goti. Miaka sita hajachoka. Kama umeishi miaka yote hiyo ukidhani umeingia kwenye nyumba iliyokuvumilia, basi wewe umedhulumiwa kuliko mimi. Ila hilo mtalimaliza wenyewe wawili. Mimi nataka langu.

Langu nitalisema kwa namna ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuisema, na Bibi akisikia atatema mate mara tatu. Nimeridhika. Naipenda kozi ya Majitaka. Napenda harufu ikiondoka. Nampenda Mama Mteremko na kelele zake. Msumari si mvivu, na chemba namba thelathini na moja sitaibadilisha kwa ghorofa ya benki yenye lifti sita. Nimeshaandika kwa wino. Kama kitu kikisemwa hakikai, basi na kiondoke, lakini kiondoke kwa kusemwa na mimi, si kwa sahihi ya mtu.

Utajiuliza kwa nini sahihi yako ilikuwa na nguvu hiyo. Chuo hiki humtambua mlezi mmoja tu, aliyeandikwa siku ya kujiandikisha. Baba zangu wakubwa wapo wawili, wote wana sauti nene na wote walitegemea kuulizwa. Sikuwauliza. Nilikuandika wewe, na pale panapoulizwa uhusiano niliandika baba, nikasonga mbele kwenye swali linalofuata. Sikukwambia kwa sababu sikuona la kukwambia. Kwa hiyo mamlaka uliyoyatumia nilikupa mimi, kwa mkono wangu, na sitayaondoa. Nataka uyatumie tena, safari hii kwa kuniuliza kwanza. Chukulia umeshaniuliza; nimeshajibu.

Utaratibu ni huu, nimeufuatilia mwenyewe. Nikipinga peke yangu, shauri langu litasikilizwa mwakani. Mlezi akiondoa ombi lake, jambo linaisha siku hiyo hiyo, mradi iwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, orodha za kozi zinapofungwa. Si lazima uje. Mpigie Bwana Kola, mwambie ulimsikia mwanao vibaya. Najua ni aibu. Alikuinukia na wewe pia, na ile nafasi aliichomoa kwa wengi. Najua pia kwamba pale dukani wanakutania, kwamba Fundi anashona suti za mabosi huku binti yake anasomea vyoo. Mimi aibu hiyo nimeibeba miaka miwili, na nakuhakikishia si nzito kama inavyoonekana kwa mbali. Wakikuuliza, waulize wao huenda wapi wakishakula.

Usipoondoa, sitagomba na sitarudi nyumbani kulia. Nitakaa kwenye kiti changu kati ya viti mia nne, nitaandika pingamizi kila mwezi, na kila Jumamosi nitakwenda nyuma ya jiko. Ndoano wamechukua, lakini mfuniko ule hufunguka hata kwa nondo. Nilisema haitafurika mikononi mwangu, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kufuta maneno hayo.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie simkumbuki hata kidogo, ataelewa. Mdogo wangu mwambie zile peni zangu alizochukua nazijua. Bibi usimsomee ukurasa wa tano. Wakili anakusalimu, anasema kama una nguvu hizo za kuhamisha watu, yeye yuko tayari.

Nimebakiza suti. Ilikuwa kwenye kifurushi, koti na sketi, buluu nzito, ya kuendea Benki. Hukuwahi kunipima hata siku moja, kwa hiyo ulinishona kwa macho, mezani, siku ile ulipokuwa kimya. Nimeivaa leo mbele ya kioo cha Wakili. Ni mbaya sana, Fundi. Mabega yamekaa ovyo, kola imepinda, bitana inawasha, na mshono wa mgongoni sijui ulishonwa na nani amelewa. Nina aibu kuonekana nayo. Sitairudisha, na nitaivaa siku ya kuhitimu, nikiwa nimeshika ndoano. Ukipata kitambaa kigumu, nishonee na ovaroli, mifuko iwe chini kidogo, pimamaji ikae bila kunichoma mbavu. Nayo iwe mbaya hivyo hivyo.

Sitaki tutaona. Sitaki ngoja nizungumze na mama yako. Ijumaa kabla ya saa sita mchana nitumie neno moja kwenye simu, nimeondoa au sikuondoa. Nitakuwa nimesimama nyuma ya jiko, simu mkononi.

Mwanao,
Injinia Shimo